Amana ya Mjuzi: Kutoa Utaalamu wa Takwimu na Uendeshaji kwa Ajili ya Elimu

Mhasibu anayekagua vitabu vya asasi ya elimu baada ya saa za kazi, mtakwimu anayepanga sampuli ya upimaji wa kusoma bila kudai malipo, mtaalamu wa ugavi anayechora njia za gari ili vitabu vifike shuleni kabla muhula haujafunguliwa: wote hawa wanatoa kitu ambacho hakionekani kwenye kapu la sadaka. Hakitiwi kwenye bahasha, hakitangazwi msikitini wala kanisani, na mtoto anayefaidika nacho kwa kawaida hajui kwamba kimetolewa. Utoaji huu unazua maswali mawili, la kidini na la kifalsafa. Je, una hadhi ileile ambayo dini na maadili huipa sadaka? Na kama unayo, mtoaji anabeba wajibu gani kwa mtoto, kwa asasi, na kwa kazi yenyewe?

Kazi inayozungumzwa ni ya kawaida sana. Asasi nyingi ndogo za elimu huanzishwa na walimu, wazazi au vijana wenye uchungu na watoto, na ni nadra mwanzilishi kuwa amesomea uendeshaji. Baada ya miaka michache orodha ya shule inakuwa imeandikwa na watu watatu kwa namna tatu. Mtoto mmoja amesajiliwa mara mbili, mara kwa jina la babu na mara kwa jina la ukoo. Vitabu vimetoka ghalani bila hati ya kupokelewa, na ripoti ya mfadhili inaandikwa usiku wa mwisho kwa kukisia. Mtu mwenye ujuzi akikaa na asasi kama hiyo kwa wiki chache anaweza kuunganisha orodha zile kwa namba ya PREM, ambayo mwanafunzi wa Tanzania hupewa kupitia mfumo wa Baraza la Mitihani, akaandaa fomu moja ya kupokelea vitabu, na akapanga kalenda ya ununuzi inayokwenda na mihula. Hakuna katika hayo linalopigiwa picha. Hata hivyo, shule iliyokuwa ikirukwa kila mwaka kwa sababu jina lake limekosewa sasa inapata vitabu vyake.

Maandiko yanaijua kazi hii. Katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume, kanisa la kwanza la Yerusalemu lilikumbwa na mgogoro ambao haukuhusu imani: wajane wa waumini waliozungumza Kiyunani walikuwa wakirukwa katika mgawo wa chakula wa kila siku. Lilikuwa tatizo la orodha na usambazaji, na pengine upendeleo wa lugha ulikuwa umejificha ndani yake. Mitume walikataa kuacha mahubiri ili wahudumu mezani, na wasomaji wengi huishia hapo, wakidhani kazi ya mezani ilidharauliwa. Lakini sifa zilizotakiwa kwa wale saba waliochaguliwa, Stefano na Filipo wakiwamo, zilikuwa kushuhudiwa wema, kujaa Roho, na hekima. Kisha wakawekewa mikono, ishara ileile iliyotumika kuwatenga watu kwa huduma takatifu. Kanisa halikuona kwamba mgawo wa haki ungepatikana kwa nia njema peke yake. Lilitaka watu wenye akili ya kugawa, na likawaombea.

Sheria ya Kiislamu iliingia ndani zaidi. Aya ya 60 ya Surat At-Tawba inataja makundi manane yanayostahiki zaka, na la tatu, baada ya mafakiri na masikini, ni wale wanaoitumikia zaka yenyewe. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anawafafanua katika Minhaj, kitabu kinachojulikana sana kwa Mashafii wa pwani ya Afrika Mashariki: mkusanyaji, karani, mgawaji, na yule anayewakusanya wenye mali. Hakimu na mtawala hawamo katika fungu hilo. Karani yumo. Jambo hili lingepaswa kutajwa mara nyingi zaidi kuliko linavyotajwa, kwa kuwa wafadhili wengi wa leo huona kila shilingi inayokwenda kwa mwandishi wa daftari kama shilingi iliyoibwa kwa masikini. Kwa mafakihi haikuwa hivyo. Zaka isiyoandikwa na isiyogawiwa kwa hesabu haimfikii anayeistahiki, na kwa hiyo uandishi ni sehemu ya zaka.

Mwanazuoni Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anatoa hoja yenye uzito kuliko hiyo. Katika kitabu cha elimu kinachofungua kazi yake kubwa, Ihya, anaziweka hesabu na tiba katika faradhi za kutosheleza, yaani wajibu ulio juu ya jamii nzima ambao wakitekeleza wachache wengine wamesamehewa, na wasipopatikana wa kuutekeleza wote wana dhima. Tiba inahitajika kwa uhai wa miili, hesabu kwa biashara, wasia na mirathi. Mji usio na mtu wa kuhesabu urithi wa yatima ni mji ambamo yatima atadhulumiwa hata kama kila mtu ndani yake anaswali usiku. Hoja hii ikihamishiwa kwenye elimu ya leo inaonyesha kwamba kutoa ujuzi wa takwimu si ukarimu wa ziada kwa jamii yenye watu wanaoujua. Ni deni la pamoja. Mahali ambapo shule za umma na asasi zinakosa wa kuzisomea takwimu zao, wakati wajuzi wamo mjini humo wakihudumia benki na kampuni za simu, deni hilo halijalipwa na yeyote.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hadhi ya utoaji huu linahusu gharama. Yesu alimsifu mjane aliyetia senti mbili katika sanduku la hekalu kwa sababu alitoa kutoka katika upungufu wake, na wenye mali walitoa kilichozidi. Ujuzi haupungui unapotolewa. Mtakwimu anayeisaidia asasi Jumamosi anabaki na takwimu zake zote Jumatatu, na huenda amejifunza jambo jipya. Vilevile, barua ya shukrani kutoka asasini huongeza uzito kwenye wasifu wa kuombea kazi. Je, kilichotolewa kiko wapi?

Kilichotolewa ni muda na umakini, na hivyo hupungua. Mtu mwenye watoto wadogo anayetoa saa mbili za usiku ametoa katika upungufu sawasawa na yule mjane, na methali ya Waswahili kwamba kutoa ni moyo wala si utajiri inamhusu bila kulazimishwa. Kuhusu nia iliyochanganyika, maulamaa na wachungaji wameandika mengi juu ya riya na kutafuta sifa, nao wana haki ya kuonya. Lakini kazi ya namna hii ina kipimo cha nia kilicho wazi kuliko maneno ya mtoaji: kazi gani imechaguliwa. Anayejitolea ili aonekane huchagua kujenga mfumo mpya wenye ramani za rangi na chati zinazocheza, kwa sababu huo ndio utakaopendeza kwenye mahojiano ya kazi. Anayejitolea kwa ajili ya watoto huuliza asasi inateseka na nini, na mara nyingi jibu ni kusafisha orodha yenye mistari elfu kadhaa, kazi ya kuchosha isiyo na cha kujivunia. Nia njema inaweza kuambatana na faida binafsi bila kuharibika. Inaharibika pale faida hiyo inapoanza kuchagua kazi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Takwimu hazimfundishi mtoto kusoma. Kati ya jedwali la mtakwimu na mtoto aliye darasa la tatu kuna mwalimu, mwalimu mkuu, ofisa elimu kata, mzazi na bajeti, na popote katika mnyororo huo jambo linaweza kukatika. Mwenye kutoa sahani ya chakula anajua njaa ya leo imepungua. Mwenye kutoa jedwali anajua nini?

Swali hili lina historia halisi. Nchini India, shirika la Pratham, lililoanzishwa Mumbai mwaka 1995, lilianza mwaka 2005 upimaji wa kila mwaka uitwao ASER, ambamo watu wa kujitolea walikwenda nyumba kwa nyumba vijijini na karatasi fupi ya kusoma na hesabu. Afrika Mashariki ilipokea wazo hilo kupitia mpango wa Uwezo, ulioanzishwa chini ya shirika la Twaweza mwaka 2009 katika Kenya, Tanzania na Uganda. Wapimaji walikuwa wakazi wa maeneo yaleyale, na mtihani ulikuwa wa kiwango cha darasa la pili. Upimaji ulifanyika nyumbani, si shuleni, ili mtoto mtoro na asiyeandikishwa wasipotee machoni. Nyuma ya wapimaji hao walikuwapo watu wa sampuli, wa mafunzo, wa usafirishaji wa karatasi na wa kuingiza data. Ripoti ya Uwezo ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba katika nchi hizo tatu, chini ya theluthi moja ya watoto wa darasa la tatu walikuwa na stadi za kusoma na hesabu za darasa la pili. Kabla ya hapo mazungumzo ya kitaifa yalikuwa juu ya idadi ya walioandikishwa, ambayo ilikuwa imepanda sana baada ya ada za shule za msingi kufutwa. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kuzungumzia uandikishaji bila kuulizwa watoto wanajifunza nini.

Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini utafiti uliofuata ulileta habari ya kusikitisha. Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai walichunguza vijiji vya Kenya ambako wazazi walikuwa wamepewa matokeo ya watoto wao pamoja na mapendekezo ya hatua za kuchukua. Katika makala yao ya mwaka 2014 hawakukuta tofauti ya maana kati ya wazazi hao na wengine, wala katika kuwasaidia watoto nyumbani wala katika kuifuatilia shule. Awali, katika wilaya ya Jaunpur, Uttar Pradesh, India, Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao, Rukmini Banerji wa Pratham akiwa mmoja wao, walikuta jambo linalofanana. Kuwapa wanakijiji taarifa na kuwafundisha kupima watoto hakukubadilisha shule. Kilichobadilisha kitu ni pale vijana wa kujitolea walipofundishwa njia rahisi ya kufundisha kusoma na wakaendesha kambi za kusoma. Watoto waliohudhuria walisonga mbele kwa wazi, hata wale walioanza bila kujua herufi.

Mtu angeweza kuhitimisha kwamba kupima ni kazi bure. Hitimisho hilo halifuati. Karatasi ileile ya kupimia, ilipowekwa mikononi mwa mwalimu, ilikuja kuwa chombo cha kufundishia: watoto wanapangwa kwa kiwango chao cha kusoma badala ya umri au darasa, wanafundishwa kutoka pale walipo, na wanapimwa tena baada ya wiki kadhaa. Njia hiyo imevuka India na kufika nchi kadhaa za Afrika, Zambia ikiwamo. Tofauti iko katika umbali kati ya namba na tendo. Namba inayomwambia mwalimu ni watoto gani wakae pamoja kesho asubuhi ina kazi mara moja. Namba inayoliambia taifa kwamba hali ni mbaya inahitaji mikono mingi kabla haijamfikia mtoto, na mikono hiyo haiji yenyewe. Mwanzoni mwa Maadili ya Nikomako, Aristotle anasema lengo la elimu ya mambo ya kiraia ni tendo, si ujuzi wenyewe. Kwa mtakwimu wa kujitolea hilo lina maana ya vitendo: kabla ya kukubali kazi aulize ni nani atakayefanya nini tofauti baada ya jedwali kukamilika, na kama hakuna jibu, asaidie kulitafuta kwanza. Thamani ya kimaadili ya kipimo imo katika tendo linalokifuata, na mtoaji anawajibika, kwa kadiri ya uwezo wake, kwamba tendo hilo lipo.

Kuhesabu watu nako kuna uzito wake, ambao wataalamu wa data huusahau kwa sababu ya mazoea. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mzazi hukwepa kutaja idadi ya watoto wake, na mfugaji hamtajii mgeni idadi ya ng'ombe. Biblia inasimulia katika 2 Samweli 24 jinsi Mfalme Daudi alivyoamuru watu wahesabiwe, Yoabu jemadari wake akajaribu kumzuia, na baada ya hesabu tauni ikaua watu 70,000. Ila kitabu cha Hesabu kinaanza na Mungu mwenyewe akiamuru hesabu ya Israeli, kwa hiyo kuhesabu peke yake hakukuwa kosa. Wafasiri wamebishana juu ya kosa la Daudi. Wengi wanaona kwamba mfalme alitaka kujua ukubwa wa nguvu zake, na watu wakawa kwake kipimo cha jeshi. Kutoka 30 inaweka utaratibu mwingine: kila anayehesabiwa atoe nusu shekeli, tajiri asizidishe na masikini asipunguze. Katika hesabu hiyo kila mtu ana uzito uleule.

Hesabu za shule zina sura zote mbili. Ruzuku ya uendeshaji wa shule za umma, Tanzania na Kenya, hufuata idadi ya wanafunzi, na mahali ambapo namba huleta fedha pana kishawishi cha kuiongeza. Mwaka 2016 uhakiki uliofanywa Tanzania uligundua maelfu ya wanafunzi hewa katika orodha za shule. Kila jina hewa linachukua fungu la mtoto halisi katika shule nyingine, kwa kuwa mfuko ni mmoja. Anayesafisha orodha kwa uaminifu anatenda haki, kwa maana kamili ya neno hilo, ingawa hamjui hata mmoja wa watoto aliowarudishia haki yao. Kwa upande mwingine, asasi inayokusanya majina, picha, hali ya uyatima, ulemavu na afya ya watoto ili kumvutia mfadhili imeanza kumfuata Daudi. Watoto wamekuwa kipimo cha ukubwa wake. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha misingi ya maadili cha mwaka 1785, alikataza kumtumia binadamu kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine, na katazo hilo halilegei kwa sababu lengo ni zuri.

Sheria za nchi nazo zimelifikia jambo hili. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, Tanzania ikafuata na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ambayo inaziweka taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Lakini sheria hufika kwa kuchelewa kwenye asasi yenye wafanyakazi wanne na kompyuta mbili. Mtu wa kujitolea ndiye mara nyingi anayepewa faili lote, limetumwa kwa barua pepe, na hakuna aliyemwandikisha kiapo chochote. Hapo ndipo mafundisho ya amana yanapomshika. Aya ya 58 ya Surat An-Nisaa inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe, na mwenye jina katika jedwali ni mtoto na mzazi wake kabla ya asasi. Kubaki na nakala ya faili hilo kwenye kompyuta ya nyumbani miaka miwili baada ya kazi kwisha, hata bila nia yoyote mbaya, ni kukaa na mali ya watu. Kulitumia kufundishia darasa la jioni au kujaribia programu mpya, bila ruhusa, ni khiyana ndogo inayotendwa kila siku na watu wema.

Kutokulipwa, basi, hakupunguzi chochote katika wajibu wa kazi. Dhana iliyo kinyume imeenea mno. Husemwa kwamba asiyelipwa asidaiwe: akichelewa ashukuriwe kwa kufika, akikosea asamehewe kwa kuwa alitoa bure. Mtume Muhammad, katika hadithi aliyoipokea Abu Daudi, anafundisha kwamba anayetibu watu bila kujulikana kuwa ana ujuzi wa tiba anawajibika kwa madhara yatakayotokea. Hadithi haijaweka sharti kwamba alilipwa. Kinachomtia hatiani ni kuingia katika kazi ambayo afya ya mwingine inaitegemea bila kuwa na ujuzi wake. Mafakihi walimlinda wakala mwaminifu dhidi ya hasara asiyoisababisha, awe analipwa au halipwi, lakini ulinzi huo haumfuniki aliyezembea. Anayejenga mfumo wa kugawa ufadhili wa masomo, akakosea kanuni moja, na wasichana waliostahili wakaachwa nje, hawezi kuwajibu kwamba alikuwa akifanya hisani.

Kant anasaidia kuona ni wapi hasa hiari inaishia. Wajibu wa kuwatendea wengine mema unamwachia mtu nafasi ya kuchagua amsaidie nani, lini na kwa kiasi gani. Hakuna anayeweza kumlaumu mtakwimu kwa kuichagua asasi hii na kuiacha ile, au kwa kusema mwaka huu hana nafasi. Wajibu wa kutimiza ahadi hauachi nafasi hiyo. Mara tu anapokubali kazi na asasi ikaanza kumtegemea, amehama kutoka wajibu wa kwanza kwenda wa pili. Asasi imepanga upimaji wa watoto Machi ikitegemea dodoso lake. Imewaambia walimu wakuu, imekodi pikipiki, imewaita vijana kwenye mafunzo. Akinyamaza Februari kwa sababu kazi ya ofisini imemzidi, anayelipa ni walimu walioandaa madarasa na watoto waliobaki nyumbani wakisubiri. Ni bora mara nyingi kukataa mapema kuliko kukubali kwa moyo mkunjufu na kutoweka. Bahati mbaya, adabu ya Waswahili, inayoona haya kumkatalia mtu anayeomba msaada, inawaponza wengi hapa, na asasi zenyewe zingefanya vyema kuuliza mara mbili na kumpa aliyeombwa njia ya heshima ya kusema hapana.

Uwezo mkubwa wa mtoaji ukilinganishwa na wa mpokeaji nao una hatari yake. Tarehe 20 Aprili 1968, huko Cuernavaca, Mexico, Ivan Illich, aliyekuwa padri wa Kikatoliki, aliwahutubia vijana wa Amerika Kaskazini waliokuwa wakijiandaa kwenda vijijini kujitolea, akawasihi wasije kusaidia. Waje kutazama na kujifunza, aliwaambia, maana hata wema wao ulikuwa unabeba namna yao ya kuishi na kuisukumia kwa watu wasioiomba. Hotuba hiyo ni kali kupita kiasi, na mtu angeweza kuisoma kama kisingizio cha kukaa kimya. Hata hivyo inamgusa mtaalamu wa uendeshaji kwa namna ya pekee, kwa sababu anacholeta ni namna ya kufanya kazi. Mtu anayetoka benki kubwa ya Nairobi au Dar es Salaam huja na fomu za idhini, ngazi za saini na vikao vya kila wiki. Asasi ya walimu watano huenda ikawa inaendeshwa kwa kuaminiana na kwa daftari moja ambalo kila mtu analielewa, na daftari hilo likifanya kazi, kulivunja ni hasara. Mwalimu anayetunza orodha ya watoto kwa mkono mara nyingi anajua yasiyomo katika safu yoyote ya jedwali: nani amehamia kwa shangazi yake, nani hufika shuleni siku za soko tu, nani baba yake ameanza kumzuia. Asiyeketi naye kabla ya kubuni mfumo atabuni mfumo usio na nafasi ya maarifa hayo.

Musa bin Maimun, mwanasheria wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 1204, alipanga sadaka katika ngazi nane, na ya juu kabisa ikawa kumwimarisha mhitaji kwa mkopo, ubia au kazi hadi asihitaji tena kuomba. Ngazi hiyo ina maana ya moja kwa moja katika utoaji wa ujuzi. Mfumo ambao mtoaji pekee anaweza kuutengeneza unaiacha asasi ikiwa tegemezi kuliko ilivyokuwa na daftari lake, hata uwe mzuri namna gani. Mwalimu Nyerere, alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alikuwa akizungumzia shule na taifa, lakini hoja yake kwamba elimu ya mtu isimfanye wa kusubiri wengine inafaa hapa bila kubadilishwa. Kazi ya kujitolea inakamilika pale mfanyakazi wa asasi, kwa mkono wake, bila kupiga simu, anapoongeza shule mpya katika orodha, anapotoa ripoti ya mwezi na kulirekebisha kosa. Maelezo ya mfumo yaandikwe kwa Kiswahili ikiwa Kiswahili ndicho wanachofanyia kazi. Nywila zibaki mikononi mwa watu wawili wa asasi, na wala si katika simu ya mtoaji. Programu ya bure ambayo karani anaijua inaizidi ile ya kisasa ambayo leseni yake itakwisha mwakani. Kumfundisha karani kunachukua muda mara mbili au tatu ya kuifanya kazi yenyewe, na ndiyo sababu watoaji wengi huiruka hatua hii. Bila hatua hiyo, sadaka yenyewe haijatolewa.

Linabaki suala la malipo. Kuna wanaoona kwamba kazi ya bure ni bora kiroho kuliko ya kulipwa, na kwamba karani wa asasi anayepokea mshahara ana thawabu pungufu. Katika hadithi iliyomo katika mkusanyiko wa Bukhari na wa Muslim, Umar bin Al-Khattab anamweleza Abdullah bin As-Saadi, aliyekuwa akikataa ujira wa kazi ya umma, kwamba yeye Umar aliwahi kufanya hivyohivyo na Mtume akamwambia apokee. Akipenda, baada ya kuupokea, autoe sadaka. Fundisho hilo lina hekima ya kiutawala pamoja na ya kiroho. Ujira unaopokelewa kisha ukarudishwa umeandikwa. Ujira unaokataliwa tangu mwanzo hauonekani popote, na kazi iliyofanywa inabaki kana kwamba haikugharimu kitu.

Matokeo yake yanaonekana katika bajeti za asasi nyingi. Mtaalamu anajitolea miaka mitatu, ripoti zinatoka vizuri, na mfadhili anahitimisha kwamba kazi ya takwimu haihitaji fungu. Mtaalamu anapohamia mji mwingine, asasi haina fedha za kumlipa mrithi wake, na kijana wa kijijini aliyesomea takwimu chuoni, ambaye angeifanya kazi hiyo kwa mshahara wa kawaida, hajawahi kufikiriwa kwa kuwa nafasi ilikuwa imezibwa na mtu wa bure. Kujitolea kunakomnyima karani ajira, ajira ambayo Qur'ani yenyewe iliitengea fungu, kunahitaji kuhalalishwa kwa sababu nzito: asasi bado haina uwezo, au kazi ni ya muda mfupi, au ujuzi wenyewe haupatikani karibu. Sababu hizo hazipo daima, na zilizopo leo huenda zisiwepo mwakani. Kwa hiyo hesabu za mwaka za asasi zinapaswa kuonyesha saa zilizotolewa bure, kazi zilizofanywa, na bei ambayo asasi ingelipa kama ingeajiri. Zisomwe mbele ya bodi pamoja na michango ya fedha, ili siku mtoaji huyo akiondoka wajumbe wajue ni kiasi gani cha kuomba na ni mtu wa ujuzi gani wa kumtafuta.